Umeme Ubaki Nje ya Boksi: Kutengeneza Spika ya Kubeba

[MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 10, KISHA UPUNGUE]

MTANGAZAJI: Tuko Mafubira, Jinja, kilomita chache tu kutoka bwawa la Nalubaale, linalotoa umeme tangu mwaka 1954. Leo tunaeleza namna ya kutengeneza spika ya kubeba inayotumia umeme wa ukutani.

Kwa nini spika? Tangazo la mgao likisomwa kwa mdomo mtupu, wa mbele wanasikia, wa nyuma wanakisia. Aliyekisia vibaya anakuja siku ambayo si yake, anarudi nyumbani na gunia tupu. Kikundi chenye spika yake hakimwachi mtu nyuma. Tuko na fundi wetu. Karibu, kaka.

FUNDI: Asante, mdogo wangu. Nianze na jambo kubwa kuliko yote. Umeme wa Uganda ni volti 240, nao unaua. Wengi wanachukua amplifaya ya zamani na kuingiza waya wa ukutani moja kwa moja ndani ya boksi. Boksi linabebwa, linatikisika, waya unachubuka na kugusa chuma. Sasa anayeshika maiki, miguu ikiwa kwenye matope, ameshika umeme.

MTANGAZAJI: Tufanyeje basi?

FUNDI: Umeme mkali ubaki nje. Tafuta adapta nzima ya laptopu iliyokufa. Soma maandishi yake. Nyingi zinatoa volti 19 na ampea 3.42. Zidisha: unapata wati 65. Volti 19 ndizo tu zitakazoingia kwenye boksi. Adapta ikiwa na pini ya tatu, ya ardhi, usiikate. Ikiwa na pini mbili, iwe na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake imekingwa mara mbili.

MTANGAZAJI: Na amplifaya?

FUNDI: Kuna kibao kidogo chenye chipu ya TPA3116. Chipu hiyo inapokea hadi volti 26, kwa hiyo 19 haziisumbui. Funga spika mbili za omu 8, moja kila upande. Kila upande utatoa kama wati 20, jumla 40. Adapta ya wati 65 inatosha. Ukifunga za omu 4, kama nyingi za gari, zitataka karibu wati 80. Ukipandisha sauti, adapta itajizima, na tangazo litakatika katikati.

MTANGAZAJI: Lakini dukani tunaona spika zimeandikwa wati 1000!

FUNDI: Usinunue maandishi. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Angalia spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Ya 94 yenye wati 20 inasikika sawa na ya 88 yenye wati 80. Jua pia kwamba uwanjani, kila umbali ukiwa mara mbili, unapoteza desibeli 6. Kwa hiyo inua boksi juu ya vichwa vya watu. Likiwa chini, waliosimama mbele wanaziba sauti.

MTANGAZAJI: Boksi lenyewe?

FUNDI: Plaiwudi ya milimita 12. Paka gundi kila kiungo kabla ya skrubu, hewa isivuje, maana boksi linalovuja hukoroma. Toboa matundu kwenye sehemu ya kibao, kipoe. Kishikio kifungwe kwa bolti, si kwa misumari. Kwenye waya wa chanya, weka fyuzi ya ampea 3. Kabla ya kuunganisha, pima chanya na hasi kwa mita. Ukizigeuza, kibao kinaungua papo hapo.

MTANGAZAJI: Siku ya mkutano?

FUNDI: Adapta isilale chini, itundikwe mahali pakavu. Waya wa kurefusha uwe mzima, usiwe umeungwa kwa selotepu. Mvua ikianza, chomoa ukutani kwanza, ndipo ubebe boksi. Na soketi ya ukutani ikiwa imelegea au inatoa cheche, usiifungue mwenyewe. Mwite fundi wa umeme.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, kabla ya kununua chochote, kaeni kama kikundi mwandike namba tatu: wati za adapta, omu za spika, na desibeli zake. Zikikubaliana, jengeni. Na atakayewaambia ni rahisi zaidi kuingiza volti 240 ndani ya boksi, mwambieni hapana. Tukutane kipindi kijacho.

[MUZIKI WA KUFUNGA]