Mamlaka ya Kukamata Vielelezo Barabarani

Kukamata kielelezo ni kukichukua kitu na kukiweka chini ya ulinzi wa dola ili kisaidie kuthibitisha kosa mahakamani. Kitendo hicho hakimvui mtu umiliki wa mali yake, wala si adhabu. Gerezani, eneo la Dar es Salaam ambako maduka ya vipuri, karakana za vyuma, kituo cha mwendokasi na mizigo ya Kariakoo vimebanana, gari linaweza kusimamishwa na maofisa wa taasisi mbalimbali, na kila mmoja hubeba mamlaka ya sheria yake tu.

Wa kwanza ni askari polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu kusimamisha na kupekua chombo cha usafiri anachokishuku, kwa sababu za msingi, kuwa kimebeba mali ya wizi. Kifungu cha 38, kwa namba za toleo la 2022, kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kupekua, au kumwidhinisha kwa maandishi askari aliye chini yake, iwapo kuchelewa kungesababisha ushahidi uondolewe au uharibiwe. Idhini hiyo huripotiwa kwa hakimu mapema iwezekanavyo. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Wa pili ni ofisa wa LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Kazi yake inahusu leseni ya usafirishaji, njia na nauli. Upelelezi wa wizi ni wa polisi. Wa tatu ni ofisa wa forodha wa TRA, anayetumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Akikamata mzigo wakati mwenye mali hayupo, humpa taarifa ya maandishi yenye sababu ndani ya mwezi mmoja. Mwenye mali naye ana mwezi mmoja wa kudai, la sivyo mali hutaifishwa.

Nguzo ya ukamataji wa polisi ni stakabadhi, ambayo kwa kawaida huitwa hati ya ukamataji mali. Chukua mfano wa kirikuu, gari dogo la mizigo, kinachokamatwa kikiwa na shokapu 12 zinazoshukiwa kuwa za wizi. Hati iliyoandikwa “vipuri vya gari” haisaidii upande wowote, kwa kuwa Gerezani vipuri ni vingi na vinafanana. Hati nzuri hutaja idadi, aina, rangi, alama za kiwandani, mahali, tarehe na saa. Kifungu cha 38(3) kinataka iwe na saini ya mwenye mahali au anayepasimamia, na za mashahidi, kama wapo. Kwa hati hiyo dereva analindwa dhidi ya shokapu ya 13 kuzuka kituoni, na askari analindwa dhidi ya tuhuma kwamba moja imepotea.

Baada ya hapo huanza mnyororo wa utunzaji: nani alikikamata kielelezo, nani alikipokea, kilihifadhiwa wapi na nani alikifikisha mahakamani. Mahakama ya Rufani iliweka wazi umuhimu wa kumbukumbu hizo katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007. Katika mashauri ya baadaye ilikubali kuwa, kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa, ushahidi wa mdomo unaweza kutosha.

Utaratibu ukikiukwa, kifungu cha 169 cha Sura ya 20, toleo hilo la 2022, kinaipa mahakama uwezo wa kuukataa ushahidi. Anayetaka upokelewe ndiye anayebeba jukumu la kuonyesha kwamba kuupokea kutanufaisha umma bila kuumiza haki za mtu isivyostahili.

Shauri likifikia mwisho, mahakama huamua hatima ya kielelezo: kurejeshwa kwa mwenyewe, kutaifishwa au kuharibiwa. Vitu vinavyooza au vinavyochukua nafasi kubwa vinaweza kuondolewa mapema, kwa amri ya mahakama.