Foleni ya simu isimalize salio la mteja

WAHENGA walinena kwamba subira huvuta heri. Lakini kwa mteja anayeipigia kampuni simu kwa salio lake mwenyewe, kila dakika ya subira ina bei. Asipohudumiwa upesi, hukata simu na kumwendea mshindani.

Ndiyo maana biashara yenye mtambo wa simu unaotumia karani wa kielektroniki, yaani sauti iliyorekodiwa ambayo humpokea mteja na kumwelekeza, haina budi kuupanga mtambo huo kwa makini.

Kwanza, salamu iwe fupi na chaguo zisizidi tano. Huduma itajwe kabla ya nambari: "Kuhusu malipo, bonyeza 2." Nambari ikitangulia, mteja huisahau kabla hajajua ni ya huduma gani. Nambari 0 impeleke kwa binadamu wakati wowote. Asiyebonyeza chochote asikatiwe simu, bali aunganishwe na mhudumu baada ya sekunde chache.

Pili, mtambo ufahamishwe saa za kazi na sikukuu. Anayepiga simu usiku au Siku ya Jamhuri aambiwe mara moja kwamba ofisi imefungwa, badala ya kuchezewa muziki bure.

Tatu ni jinsi ya kugawa simu. Katika ofisi ndogo, simu za wahudumu wote zaweza kulia kwa pamoja. Palipo na wahudumu wengi, ni haki simu imwendee aliyekaa muda mrefu zaidi bila kupokea. Foleni nayo iwekewe kikomo, ambapo mteja ataombwa kuacha ujumbe ili apigiwe.

Hata hivyo, mipangilio hiyo yote haifui dafu iwapo wahudumu ni haba. Hesabu ya jambo hili ilianzishwa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha utafiti wake mnamo 1909 na 1917.

Tuseme ofisi hupokea simu 30 kwa saa, kila moja ikichukua dakika 4 kwa wastani. Hizo ni dakika 120 za kazi, sawa na wahudumu wawili wasiopumua. Wakiwa wawili tu, foleni itazidi kurefuka, kwa kuwa simu haziji kwa zamu. Wakiwa watatu, mteja atasubiri kwa wastani wa takriban sekunde 107. Akiongezwa wa nne, muda huo hushuka hadi sekunde 21 hivi.

Mwisho, iwapo mazungumzo yanarekodiwa, mteja aarifiwe mapema kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kisha meneja aipigie kampuni yake kutoka nje, kwa salio lake, aone iwapo atavumilia.