Mamografia na Picha Nyingine za Titi: Kinachoonekana na Kinachofuata

Mamografia ni kipimo kinachopiga picha ya ndani ya titi kwa mionzi ya eksirei ya kiwango kidogo, nacho hufanywa kwa makusudi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kumchunguza mwanamke asiye na dalili yoyote, ili saratani, ikiwapo, igunduliwe kabla haijafikia ukubwa wa kupapaswa kwa mkono. Ndivyo ifanyikavyo Uingereza, ambako wanawake huitwa kila baada ya miaka 3 kuanzia umri wa miaka 50 hadi 71, na Marekani, ambako mapendekezo ya mwaka 2024 yanataka kipimo hicho kifanywe kila baada ya miaka 2 kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. La pili ni kumchunguza mwanamke ambaye tayari ameona jambo: uvimbe, chuchu iliyoanza kuzama ndani, ngozi iliyojikunja na kufanana na ganda la chungwa, au damu inayotoka kwenye chuchu. Nchini Tanzania na Kenya wanawake wengi huifikia mashine kwa njia hii ya pili, na kwa sababu hiyo maelezo yanayohusu wasio na dalili peke yao huwaacha bila jibu la swali lililowaleta hospitalini.

Kipimo chenyewe hufanywa mwanamke akiwa amesimama, kifua kikiwa wazi upande mmoja mmoja, na anayeona haya anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Titi huwekwa juu ya bamba, kisha bamba jingine la plastiki ngumu hushushwa taratibu mpaka titi litandazwe. Picha moja hupigwa kutoka juu kwenda chini, na ya pili kwa mshazari, ili sehemu ya titi inayopanda kuelekea kwapani nayo ionekane; hivyo kwa matiti yote mawili picha za kawaida huwa 4. Kubanwa huko ndiko kunakoogopwa zaidi, na si haki kuwaficha wanawake kwamba huuma, wengine kidogo na wengine sana, ila kila mbano hudumu sekunde chache tu, na anayezidiwa anaweza kuomba mashine isimamishwe. Titi hubanwa ili nyama zilizolaliana zitengane, picha isiingie ukungu kwa sababu ya kutikisika, na mionzi inayohitajika ipungue. Dhana kwamba mbano huo hupasua uvimbe na kuisambaza saratani haina ushahidi. Mionzi ya picha hizo 4 hukadiriwa kuwa milisiveti 0.4, ambayo inakaribia ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini, angani na kwenye chakula kwa muda wa wiki 7 hivi.

Maandalizi ni machache. Anayepata hedhi hushauriwa kwenda katika juma linalofuata siku zake, wakati matiti hayajajaa wala hayaumi, na siku hiyo asipake poda, losheni wala diodoranti kwapani au kifuani, kwa kuwa chembe zake huweza kuonekana katika picha kama madoa ya ugonjwa. Mkufu huvuliwa, na nywele ndefu za kusuka hufungwa juu, maana msuko ukiangukia mbele ya kifua huacha kivuli chake. Mjamzito au anayenyonyesha amweleze mhudumu mapema.

Katika picha, mafuta huonekana meusi au ya kijivu, ilhali tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia huonekana nyeupe. Tatizo ni kwamba uvimbe wa saratani nao ni mweupe. Titi lenye tezi nyingi na mafuta kidogo, ambalo wataalamu huliita titi zito, laweza kuuficha uvimbe kabisa, na matiti ya namna hiyo ni ya kawaida kwa wanawake wa umri mdogo. Ndiyo maana msichana wa miaka 25 aliyepapasa uvimbe hupelekwa kwanza kwenye ultrasaundi, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kisichotumia mionzi, ambacho hutofautisha vizuri kifuko cha maji, ambacho kwa kawaida si hatari, na uvimbe mgumu unaohitaji uchunguzi zaidi. Mamografia kwa upande wake huzidi ultrasaundi katika kuonyesha chembe ndogo mno za kalisi, nukta nyeupe ambazo nyingi hazina madhara, lakini zikikusanyika mahali pamoja kwa maumbo yasiyolingana huweza kuashiria saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku na dawa ya kung'arisha picha inayopitishwa mshipani, huelekezwa hasa kwa wenye hatari kubwa, wakiwamo waliorithi hitilafu katika jeni za BRCA1 na BRCA2.

Ripoti huandikwa na daktari bingwa wa radiolojia, na hospitali nyingi hutumia mfumo wa BI-RADS wenye namba kuanzia 0 hadi 6. Namba 0, inayowatisha wengi, maana yake ni kwamba picha hazitoshi na nyingine zinahitajika. 1 na 2 hazina la kutia shaka. 3 ni jambo ambalo uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida hupigwa picha tena baada ya miezi 6. 4 na 5 hudai kinyama kichukuliwe, na 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Marekani, kati ya wanawake 100 wasio na dalili wanaopimwa, 10 hivi huitwa tena, na walio wengi kati yao hawakutwi na saratani.

Jambo linalostahili mkazo kuliko yote ni kwamba uvimbe unaopapasika haufutwi na ripoti safi. Mamografia hukosa takribani saratani moja kati ya kila 8, kwa hiyo daktari anayemrudisha nyumbani mwanamke mwenye uvimbe kwa sababu tu picha haikuonyesha kitu hajamaliza kazi yake. Kinachothibitisha ni kuchukua kinyama, yaani bayopsi, ambayo siku hizi hufanywa kwa sindano nene baada ya kuchoma ganzi, mara nyingi ikiongozwa na ultrasaundi. Wengi huikimbia kwa kuamini kwamba uvimbe ukiguswa na chuma saratani husambaa, na imani hiyo imewachelewesha wanawake ambao wangeweza kutibiwa mapema. Bila kinyama hicho maabara haiwezi kusema saratani ni ya aina gani wala dawa ipi itaifaa.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu saratani ya matiti, ulioanzishwa mwaka 2021, unataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku hizo huliwa na rufaa, nauli, na sampuli zinazosubiri kusomwa, na kwa hiyo mwanamke aliyechukuliwa kinyama ana kila sababu ya kuuliza, kabla hajaondoka, sampuli yake inapelekwa maabara gani, majibu yatatoka lini, na ni nani atakayempigia simu.