Msaidizi wa Chaneli ya Zilipendwa: Mamlaka na Mipaka Yake

Chaneli ya YouTube inayohifadhi muziki wa dansi wa zamani wa Tanzania, ule ambao wapenzi wake huuita zilipendwa, kwa kawaida huanzishwa na mtu mmoja mwenye santuri na kanda zake, lakini kazi humwelemea mapema, kwa kuwa kila wimbo huhitaji kusafishwa sauti, kuandikiwa maelezo na kupakiwa, yaani kuwekwa mtandaoni. Anapomtafuta msaidizi, njia nyepesi inayomjia ni kumpa nywila, yaani neno la siri la kufungulia akaunti, na njia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwenye nywila anaweza kuibadilisha na kumfungia nje aliyempa, tena akaunti hiyohiyo ya Google ndiyo yenye barua pepe na nyaraka binafsi za mwenye chaneli.

Njia iliyo sahihi ni mfumo wa ruhusa, ambamo msaidizi hualikwa kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe na kupewa cheo chenye mipaka. Mmiliki ana mamlaka yote, yakiwamo ya kuifuta chaneli. Meneja hawezi kuifuta, ila anaweza kupakia na kuondoa nyimbo, na hata kuwaingiza au kuwatoa watu wengine. Mhariri hupakia na kurekebisha, lakini hawezi kufuta kilichokwisha kuchapishwa wala kugawa ruhusa. Na mhariri mwenye mipaka hufanya kazi hizo pasipo kuona mapato. Kwa msaidizi mgeni, cheo cha mhariri, chenye mipaka au kisicho nayo, kinatosha kabisa, na umeneja usubiri hadi uaminifu wake uthibitike kwa kazi.

Hata hivyo mipaka hiyo haiizuii hatari iliyo kubwa zaidi, ambayo ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na huzitambua pia hakishiriki, yaani haki za waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi. Kwa hiyo kumiliki santuri si kumiliki wimbo. YouTube nayo hutumia Content ID, mfumo unaolinganisha sauti iliyopakiwa na rekodi zilizosajiliwa na wenye haki, ambao wanaweza kuchukua mapato ya wimbo au kuuzuia. Jambo zito zaidi ni onyo la hakimiliki, linalotolewa mwenye haki anapodai rasmi kwamba wimbo uondolewe: maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuifungisha chaneli nzima, bila kujali kama aliyepakia ni mmiliki au ni mhariri wake. Msaidizi mwenye haraka, basi, anaweza kupoteza kazi ya miaka.

Kwa sababu hiyo, na kwa heshima ya wanamuziki wenyewe, msaidizi achaguliwe kwanza kwa ujuzi wake wa muziki, kisha kwa ujuzi wa kompyuta, ambao hufundishika upesi. Kwa mfano, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo aliyeimba humo alihamia bendi ya Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, akaenda bendi ya Safari Sound, kisha akarejea Msondo. Asiyeyajua hayo ataandika jina la bendi lisilo la wakati huo au kumpa mwimbaji mmoja sauti ya mwingine, na kosa lake litanakiliwa na wengine hadi ligeuke historia. Nyingi za rekodi za bendi hizo zilifanywa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kulitaja hilo katika maelezo ya wimbo ni haki ya msikilizaji.

Limebaki suala la fedha. YouTube hulipa mapato ya chaneli kupitia akaunti moja ya AdSense, yaani huduma ya Google ya kulipia matangazo, na haina habari ya mgawanyo kati ya mmiliki na msaidizi wake. Mwenye chaneli hana budi kuandika mkataba unaotaja malipo ya msaidizi, nani hukagua haki za wimbo kabla haujapakiwa, na namna ruhusa itakavyoondolewa wakiachana, na wote wawili wautie saini kabla mwaliko haujatumwa.