Bima ya Gari Haijui Pensheni Yako

"Nimeacha kazi nikiwa na miaka 58. Nikiiambia kampuni ya bima ya gari kwamba nimestaafu, serikali haitanikata pensheni?"

Haitakukata. Ningeweza kuishia hapo, lakini swali hili nimelijibu kwa wauguzi wa Reading, kwa madereva wa mabasi wa Leicester na kwa wahudumu wa wazee wa London, na karibu kila anayeuliza anakuja akiwa ameshaharibu. Mmoja amejaza kwenye fomu ya bima kazi aliyoiacha zamani, eti asijulikane kuwa amestaafu. Mwingine amejaza kwamba amestaafu, na wiki nzima yuko zamu. Wote wawili wanasukumwa na imani moja, na leo nataka tuizike.

Imani yenyewe ni hii: kwamba Uingereza ina jalada moja lenye jina lako, na siku utakapotamka "nimestaafu" mbele ya ofisi yoyote, mhuri unagongwa na ofisi nyingine zote zinapata habari. Naelewa ilikotoka. Tanzania, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kenya nako umri wa kustaafu wa watumishi wa umma ni 60. Kuna barua, kuna tarehe, kuna kiinua mgongo, kuna mfuko unaofungua jalada la mafao. Kule kustaafu ni jambo la kiofisi, lina mwanzo na sahihi. Aliyezoea utaratibu huo akifika Uingereza anautafuta mlango uleule, na asipouona anaamini umefichwa. Haukufichwa. Haupo.

Umri wa kumlazimisha mfanyakazi astaafu uliondolewa Uingereza mwaka 2011, isipokuwa kwa kazi chache ambazo mwajiri anaweza kuutetea. Kabla ya hapo, Oktoba 1989, lilifutwa sharti lililokuwa likipunguza pensheni ya serikali kwa mtu aliyefikia umri lakini akaendelea kupata mshahara. Tangu wakati huo pensheni ya serikali hutazama mambo mawili tu: umri wako na rekodi yako ya michango ya National Insurance. Kuacha kazi hakumo. Unaweza kuipokea ukiwa bado kazini asubuhi hadi jioni. Unaweza pia kukaa nyumbani tangu una miaka 50 usiione hata peni moja mpaka umri utimie.

Kampuni ya bima nayo inauliza kazi yako kwa sababu zake. Inataka kujua gari linatoka saa ngapi, linakwenda wapi na linakimbia maili ngapi kwa mwaka. Aliyeacha kazi kabisa haingii kwenye msongamano wa saa mbili asubuhi, haegeshi kutwa nje ya kiwanda, na mara nyingi anaendesha maili chache. Ndiyo maana ada yake huwa nafuu, mpaka anapoingia miaka ya sabini na umri unaanza kuipandisha tena. Jibu lako linaingia kwenye hesabu ya ada na linaishia hapo. Haliendi HMRC, mamlaka ya kodi. Haliendi kwenye idara ya pensheni. Ile kanzidata ya magari ambayo polisi huitazama barabarani ipo ili kuonyesha gari gani lina bima. Haimkagui mtu amestaafu au la.

Kwa hiyo anayeandika kazi aliyokwisha kuiacha ili "kulinda pensheni" anafanya mambo mawili ya ajabu kwa mpigo: anatoa jibu la uongo, na huenda analipa ada kubwa zaidi kwa ajili ya uongo huo. Sijui kama kuna hasara iliyotafutwa kwa bidii kuliko hii.

Wa pili ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu anafuata dawa inayosambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp: "Ukianza kula pensheni ya kazini andika umestaafu, bima itashuka." Chukua muuguzi wa NHS (huduma ya afya ya taifa) aliye kwenye mpango wa pensheni wa zamani. Anaichukua pensheni yake ya kazini, anakatisha mkataba, kisha anarudi kwenye wodi ileile kwa zamu chache. Sheria inamruhusu na wengi wanafanya hivyo. Mfuko wa pensheni unamwita mstaafu. Je, bima imwite hivyo? Hapana. Anakwenda kazini kwa gari, ana kazi. Ajaze uuguzi, na achague matumizi yanayojumuisha safari za kwenda na kurudi kazini. Yule anayezunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee, hata kwa saa kumi tu kwa wiki, mara nyingi hata hayo hayamtoshi: anahitaji bima ya matumizi ya kikazi, kwa sababu gari lenyewe limekuwa sehemu ya kazi.

"Nani atajua?" Atajua mkaguzi wa madai. Umegongana saa moja kasoro asubuhi, mita mia kutoka kwenye makao ya wazee, umevaa sare na kitambulisho kinaning'inia kifuani. Swali lake la kwanza litakuwa: ulikuwa unakwenda wapi?

Hapo sheria ya mwaka 2012 kuhusu taarifa ambazo mteja wa kawaida huipa kampuni ya bima, iliyoanza kutumika Aprili 2013, inafanya kazi. Wajibu wako ni kuwa makini kiasi cha kutosha usitoe taarifa isiyo ya kweli. Ukikosea kwa uzembe, na kama kampuni ingekubali kukukatia bima ila kwa bei ya juu, inaweza kupunguza fidia kwa uwiano wa ada. Tuseme ulilipa pauni 400, na kwa jibu la kweli ungelipa 500. Gari lako la pauni 8,000 likiharibika kabisa, unapewa 6,400. Ukidanganya makusudi, kampuni inaweza kuifuta bima yako, ikakataa dai lako na kubaki na ada yako. Mtu uliyemgonga atalipwa, maana sheria ya barabara inamlinda, lakini kampuni inaweza kukugeukia wewe ikudai ilichomlipa. Na kuanzia siku hiyo, kila fomu itakayokuuliza kama umewahi kufutiwa bima, jibu ni ndiyo. Hiyo ndiyo bei kamili ya kuokoa pauni 100. Bima kubwa uliyoinunua ili ulale usingizi imekuwa karatasi.

Basi ni nani anaweza kuandika kwamba amestaafu? Aliyeacha kazi bila nia ya kurudi na hatafuti nyingine, anaishi kwa pensheni ya kazini, akiba au kodi za nyumba zake. Awe na miaka 58 au 72, ni jibu la kweli. Hakuna sheria inayomtaka asubiri umri wa pensheni ya serikali. Ukitafuta kazi, huna kazi kwa sasa, hujastaafu. Ukifanya zamu mbili kwa wiki, una kazi ya muda. Ukiwa njia panda, mpigie simu dalali wako au kampuni yenyewe, eleza hali ilivyo, na uandike jina la aliyekujibu. Na tafadhali, kumwandika bibi mstaafu kuwa dereva mkuu wa gari linaloendeshwa kila siku na mjukuu wa miaka 19 ni udanganyifu, hata kama bibi ndiye aliyelinunua.

Sasa pensheni ya serikali, maana uongo wa jalada moja umezaa mtoto huku pia: "Nimestaafu, kwa hiyo nimemaliza kulipa National Insurance." Kinachokuondolea makato hayo ni kufikia umri wa pensheni ya serikali. Umri huo ulikuwa 66, na unapanda hadi 67 kati ya Aprili 2026 na Aprili 2028. Ukiacha kazi ukiwa na 58 hulipi kwa sababu huna mshahara wa kukatwa, na pensheni ya kazini haikatwi National Insurance. Hakuna anayekujazia miaka hiyo kwa sababu tu umestaafu. Inabaki mitupu. Ukirudi kwenye zamu kabla ya umri huo na kipato kikafika kiwango, unakatwa kama mwingine yeyote, na hilo linakufaa.

Miaka mitupu si lazima iwe balaa. Pensheni kamili ya mpango mpya, ulioanza 6 Aprili 2016, ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki katika mwaka wa kodi 2025/26. Kwa kawaida inataka miaka 35 ya michango, na chini ya miaka 10 hupati kitu. Lakini usikae kuhesabu miaka kwa vidole. Wafanyakazi wa NHS na wengine wengi wa sekta ya umma walikuwa, hadi 2016, kwenye mpango uliowapunguzia michango ya serikali kwa kuwa walikuwa na pensheni ya kazini. Miaka yao 35 inaweza isifikie kiwango kamili. Kinachosema kweli ni makadirio ya pensheni yako kwenye tovuti ya serikali.

Yaliyobaki, haraka haraka:

Soma makadirio hayo kabla ya kununua mwaka wowote. Yakionyesha tayari umefika kiwango cha juu, kununua ni kutupa pesa. Ukipungukiwa, mwaka mzima wa michango ya hiari ya Class 3 kwa bei ya 2025/26 ulikuwa kama pauni 923, na kwa kawaida uliongeza pensheni kwa takriban pauni 342 kwa mwaka; pesa hiyo hurudi ndani ya miaka mitatu ya kuipokea. Unaweza kurudi nyuma miaka sita ya kodi. Kabla ya kulipa, tazama kama unastahili miaka ya bure: unapokea posho ya Universal Credit au ya Carer's Allowance, au wewe ni bibi au babu ambaye hujafikia umri wa pensheni na unamlea mjukuu wa chini ya miaka 12 mzazi wake akiwa kazini. Ukijiajiri ukiwa nyumbani, michango inahesabika pia.

Unarudi Mombasa au Tanga? Pensheni itakufuata, lakini haitapanda kila mwaka, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zinazopata nyongeza hiyo. Panga bajeti ukilijua hilo. Ile michango ya hiari ya Class 2 ya bei nafuu kwa walio nje ya Uingereza, usiitegemee kwa kipindi cha kuanzia 6 Aprili 2026.

Ukitimiza miaka 70, leseni ya udereva inahitaji kuhuishwa, kisha kila baada ya miaka mitatu, na maradhi yanayoathiri uendeshaji yatajwe kwa DVLA, idara ya leseni za udereva. Bima ikikaribia kuisha, linganisha bei kabla haijajihuisha yenyewe, na urekebishe maili, matumizi na kazi.

Mwisho, pensheni ya serikali huombwa. Umri ukifika nawe hujaomba, inahesabiwa kuwa umeiahirisha: inaongezeka 1% kwa kila wiki 9, na hiyo ni sawa kama ndicho ulichokusudia. Kama hukukusudia, omba malipo ya nyuma, yasiyozidi miezi 12. Hakuna afisa atakayekupigia simu kuuliza mbona hujaja kuchukua.