Uandaaji wa programu za kazi kwa mfumo mpya wa uendeshaji

Uandaaji wa programu za kazi kwa mfumo mpya wa uendeshaji ni shughuli inayofanywa na kampuni, benki, hospitali au ofisi ya serikali kabla ya kubadilisha mfumo wa uendeshaji katika kompyuta zake zote. Lengo lake ni kuhakikisha kwamba programu ambazo wafanyakazi wanazitegemea, kama vile za mishahara, stoo, uhasibu au kumbukumbu za wagonjwa, zitaendelea kufanya kazi baada ya mfumo wa zamani kuondolewa. Kusakinisha mfumo wenyewe katika kompyuta moja huchukua saa chache tu. Kuandaa programu kunaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni kuhama kutoka Windows XP kwenda Windows 7. Windows XP ilitolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 25 Oktoba 2001, na utoaji wa kawaida wa viraka vyake vya usalama ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Kati yake na Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, kulikuwa na Windows Vista, ambayo makampuni mengi hayakuitumia kabisa. Hivyo yalipohama yalivuka ngazi mbili kwa mkupuo mmoja.

Kwa nini programu hukwama

Programu haiendeshi kompyuta peke yake. Ikitaka kuhifadhi faili, kuchapisha barua au kufungua dirisha, huuomba mfumo wa uendeshaji uifanyie kazi hiyo. Mfumo ukibadilisha namna ya kupokea maombi hayo, programu iliyozoea utaratibu wa zamani hukwama, hata kama yenyewe haikuguswa.

Badiliko lililosumbua sana lilihusu ruhusa. Wakati wa Windows XP watumiaji wengi walifanya kazi wakiwa na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na watengenezaji wa programu wakazoea kuandika faili popote, hata ndani ya folda ya programu zenyewe. Kuanzia Vista, mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kufanya hivyo, na hata msimamizi alitakiwa kuthibitisha kwanza. Ili programu za zamani zisife, Microsoft iliweka ujanja: faili iliyokusudiwa kuandikwa katika folda iliyokatazwa hupelekwa kimyakimya katika folda ya mtumiaji mwenyewe. Ujanja huo uliokoa programu nyingi, lakini ulileta kosa gumu kuligundua. Makarani wawili wakitumia kompyuta moja kwa zamu, kila mmoja kwa jina lake, yule wa asubuhi huweza kubadilisha bei ya bidhaa na yule wa jioni akaendelea kuona bei ya zamani. Hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Kosa la namna hii ni baya kuliko programu inayokataa kufunguka, kwa sababu inayokataa hujulikana siku ileile.

Sababu ya pili ni upana wa biti. Windows XP iliyotumiwa ofisini kwa kawaida ilikuwa ya biti 32, na iliweza kuendesha programu za biti 16 zilizoandikwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Windows ya biti 64 haiwezi kuziendesha. Kuna hata programu za biti 32 ambazo zenyewe ni nzima, lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, kwa hiyo haziwezi kuingizwa kwa njia ya kawaida. Printa na mashine za kupimia nazo zilihitaji viendeshi vipya vya biti 64, na kama mtengenezaji wa kifaa amekwisha kufunga biashara, kiendeshi hicho hakipatikani.

Kosa lingine linachekesha kidogo. Windows XP kwa ndani ina namba 5.1, na Vista ina namba 6.0. Baadhi ya programu zilitakiwa kuhakikisha kwamba mfumo ni 5.1 au mpya zaidi, lakini zililinganisha kila tarakimu peke yake: sita ni kubwa kuliko tano, sawa, sifuri ni ndogo kuliko moja, basi mfumo huu ni wa kizamani! Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Windows 7 ipewe namba 6.1 ndani yake na si 7.0.

Mwisho, programu nyingi za ndani za makampuni zilifunguliwa kupitia kivinjari cha Internet Explorer 6, na ziliandikwa kwa kufuata tabia zake za pekee. Windows 7 ilikuja na Internet Explorer 8.

Utaratibu wa kazi

Kazi huanza kwa orodha. Kuna programu za kompyuta zinazoweza kukusanya majina ya kila kitu kilichosakinishwa katika mashine za kampuni, lakini orodha hiyo haitoshi. Haionyeshi lahajedwali yenye makro ambayo idara nzima ya mauzo inaitegemea, wala hifadhidata ndogo iliyotengenezwa na mfanyakazi aliyekwisha kustaafu. Tena, uchunguzi wa matumizi ukifanywa kwa mwezi mmoja tu hautaiona programu inayofunguliwa mara moja kwa mwaka wakati wa kufunga hesabu. Kwa hiyo ni lazima kuwauliza wanaofanya kazi, dawati kwa dawati, na kila programu ipewe mwenyewe, yaani mtu atakayesema inafaa au haifai.

Baada ya hapo orodha hupunguzwa. Mara nyingi hukutwa programu tatu zinazofanya kazi moja, au matoleo manne ya programu ileile. Zinazobaki hujaribiwa kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi, na wajaribu wawe wale wanaozitumia. Fundi akiona dirisha limefunguka huridhika. Mhasibu hataridhika mpaka ankara itoke kwenye printa na jumla yake iwe sahihi.

Programu iliyoshindwa hununuliwa toleo jipya, au huandikwa upya kama msimbo wake upo. Ikiwa haiwezekani, Microsoft ilitoa zana za kutengeneza viraka vidogo vinavyokaa kati ya programu na mfumo, kwa mfano kuiambia programu kwamba bado imo ndani ya Windows XP. Njia nyingine ilikuwa kuendesha XP yenyewe kama mashine pepe ndani ya Windows 7. Njia hii huahirisha tatizo tu, kwani XP iliyofichwa ndani ni XP ileile isiyopata viraka.

Gharama ya kuchelewa

Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ililipa takribani pauni milioni 5.5 ili Microsoft iendelee kwa mwaka mmoja kutoa viraka vya Windows XP kwa ofisi za umma, zikiwemo hospitali.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga faili na kudai fidia, kiliingia katika hospitali za nchi hiyo, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Wengi waliilaumu Windows XP. Ukaguzi uliofuata ulionyesha kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7 ambayo haikuwekewa kiraka kilichotolewa mwezi Machi mwaka uleule. Hata hivyo, XP ilikuwa bado imo ndani ya baadhi ya vifaa vya tiba kama mashine za MRI, ambazo hospitali haiwezi kuzibadilishia mfumo yenyewe bila mtengenezaji.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Programu nyingi zinazofanya kazi ndani yake hufanya kazi pia katika Windows 11, na safari hii kikwazo kikubwa kimekuwa kompyuta zenyewe, kwa kuwa Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Tovuti za ndani zilizoandikwa kwa ajili ya Internet Explorer bado zipo. Kivinjari cha Edge kina hali maalumu ya kuzifungua.