Gobore na Dhamana Yake

Katika milima ya Umatengo, ambako mashamba ya ngoro hushuka mteremko hata bondeni na mibuni hufunika mbavu za vilima, mahindi yakaribiapo kukomaa mkulima huanza kazi ya pili, nayo ni kuyalinda. Maana nyani humjia mchana na nguruwe mwitu humjia usiku, na wote hao hawajali ni jasho la nani walilalo. Zamani, na katika vijiji vingine zamani zisizo mbali, silaha ya mlinzi huyo ilikuwa gobore, yaani bunduki ya kushindilia, ambayo aghalabu iliundwa na mhunzi wa kienyeji au ilirithiwa kwa babu, na thamani yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya thamani ya bunduki ya dukani. Je, silaha ya bei rahisi namna hiyo yaweza kuaminiwa? Swali hili ni la haki, kuanzia Mbuji penye jiwe lake mashuhuri hata Liuli na Mbamba Bay ufukoni mwa Ziwa Nyasa; lakini mimi naona halijibiki kabla ya kuulizwa mengine mawili: kuaminiwa kwa kazi gani, na nani aliyeithibitisha?

Bunduki rahisi si mgeni katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao iliyokwenda na kurudi kati ya ziwa na Kilwa ilipeleka pwani pembe za ndovu na, kwa masikitiko, wanadamu wenzao, ikarudi na nguo, shanga, baruti na bunduki za gumegume au za fataki. Na nyingi katika bunduki za namna hiyo ziliundwa Liège katika Ubelgiji na Birmingham katika Uingereza, kwa kazi ya haraka na gharama ndogo, kwa ajili ya biashara ya Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizoingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000. Miaka miwili baadaye, Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliozuia silaha bora zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, illa bunduki za gumegume ambazo kasiba zake hazina mikato ya ndani ya kuizungusha risasi. Yafaa msomaji alizingatie jambo hilo, maana wako wanaodhani gobore lilisalia mikononi mwa wanavijiji kwa sababu ya ujinga au mapenzi ya mambo ya kale, hali silaha bora ilinyimwa kwa makusudi na ile dhaifu ikaachwa ipite. Tofauti ya silaha hizo ilidhihirika Mahenge, Agosti 30, 1905, pale bombomu mbili za Wajerumani zilipoukabili umati wa wapiganaji wa Majimaji. Na Wangoni wa Songea, walioingia vitani mwezi uliofuata, walilipa kwa hesabu ile ile.

Gobore lina taksiri mbili kubwa, ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kukataa kulia. Baruti nyeusi huvuta unyevu, na katika milima hii ya Mbinga, ambako masika hudumu miezi mingi na ukungu hulala juu ya vilima hata mvua zikiisha, baruti iliyoshindiliwa jioni yaweza kuwa tope kabla ya alfajiri. Fataki nayo huweza kulia peke yake bila ya moto kufika ndani, au, jambo la hatari zaidi, moto ukafika kwa kuchelewa, na mpigaji akawa amekwisha kuigeuza bunduki kuitazama ina nini. Ya pili ni kupasuka. Baruti iwakapo hugeuka hewa yenye nguvu, na hewa hiyo husukuma pande zote kwa usawa, risasi mbele na kuta za kasiba nje. Ikiwa chuma ni bomba la maji au kipande cha usukani wa gari, ambavyo havikuundwa kustahimili msukumo huo, basi palipo na ungo au kutu ndipo patakapoachia. Na akitokea mtu akatia ndani yake baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyotengenezwa kwa risasi za kiwandani, nguvu yake hupita mbali kipimo ambacho gobore lolote laweza kukihimili, hata lile lililoundwa Ulaya.

Kwa ajili ya hatari hiyo mafundi wa Ulaya walianzisha zamani nyumba za majaribio: chama cha waunda bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, Liège ikafuata mwaka 1672, na Birmingham ikapata nyumba yake kwa sheria ya mwaka 1813. Kazi ya nyumba hizo ni kuishindilia kila bunduki baruti kupita kiasi cha kawaida, kuifyatua mbali na watu, kuichunguza, na iliyosalimika kuigonga muhuri. Gobore la kijijini halina muhuri. Mwenye kulijaribu ni mnunuzi, na mahali pa majaribio ni shavu lake.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema kwamba rahisi haiaminiki kwa kuwa ni rahisi. Kiwanda cha Izhevsk katika Urusi kimeunda kwa miaka mingi bunduki za marisau za kasiba moja, zijulikanazo kwa jina la Baikal, ambazo hazina pambo na bei yake ni ya chini, lakini wawindaji wa nchi nyingi huziamini, maana viungo vyake ni vichache, chuma chake ni kinene, na kila moja imekwisha kujaribiwa. Kwa upande mwingine, bombomu ndogo ya Sten, waliyoiunda Waingereza mwaka 1941 kwa pauni mbili au tatu hivi na ambayo askari wa KAR, jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki, nao waliichukua, ilikuwa na sifa mbaya ya kusakamwa na risasi na ya kulia yenyewe ikianguka. Na sababu kubwa ya kusakamwa huko haikuwa mabati yaliyokunjwa ya mwili wake, bali kisanduku cha risasi, kilichoundwa vibaya kwa nakala ya Kijerumani. Hali ya wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa nyingine kabisa: waliunda bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu, na wenyewe walijua kwamba aishikaye yu hatarini karibu sawa na alengwaye. Waliichukua kwa dhiki ya vita. Mlinzi wa mahindi hana dhiki ya kadiri hiyo.

Tena kazi yenyewe ni ipi? Kama ni kuwafukuza nyani, mshindo ndio unaofukuza, na debe lipigwalo na watoto wawili lina mshindo wa kutosha wala halipasuki. Kama ni kumuua nguruwe, gobore huweza, lakini lina risasi moja, na nguruwe aliyejeruhiwa hangoji mtu amalize kutia baruti, kuchomeka mdeki na kutafuta fataki mfukoni. Ama tembo, hapo hata bunduki njema ya marisau ni bure. Anayemwendea kwa gobore humtia uchungu asiyeweza kumwangusha. Huyo ni kazi ya askari wa wanyamapori, wenye bunduki za kasiba nzito na mafunzo yake, na kwa vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Liparamba kupeleka habari mapema, na kuzungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, kumeonekana kuwa bora kuliko ushujaa.

Limebaki gobore la marehemu babu, lililo darini au nyuma ya kabati. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kuwa nalo bila leseni ni kosa, hata likiwa na kutu, na kuunda jingine bila idhini ni kosa vilevile. Lakini Serikali imetangaza mara kadhaa muda wa msamaha ambao wenye silaha za namna hiyo huzisalimisha bila ya kushtakiwa. Anayelikuta nyumbani asilielekeze kwa mtu, asivute chochote, wala asichokoe kasiba kutaka kujua kama limeshindiliwa, kwani baruti ya kale iliyokauka tena huwaka. Asilibebe njiani pia. Bali amwite mtendaji wa kijiji au polisi walichukue pale pale lilipo.